Spika za Babu Yako na Masikio Yangu

Uyole, Jumapili mchana

Mwanangu Atupele,

Wewe na mama yako mmeshuka sokoni kutafuta blanketi zito, kwa sababu mama yako anaamini Iringa kuna baridi kuliko hapa Uyole, na mimi nimeacha kubishana naye kuhusu baridi tangu nilipomwoa kutoka Igowole. Wadogo zako wako kwa jirani, na nyumba imetulia. Nimekaa mezani na kalamu yako ya shule, ile uliyoitafuna mwisho. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya nguo zako, ndani ya begi, mahali ambapo huwezi kuikosa. Isome leo leo, kabla ya kwenda stendi.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na marafiki wa kuwakwepa. Hizo mama yako anazo za kutosha, na najua ameanza kukupa tangu mlipotoka getini. Ninaandika kwa sababu ya ulichosema jana tulipomaliza kula. Ulisema huendi tena. Ulisema utawapigia simu chuoni, uwaombe nafasi yako ya ufundi wa elektroniki ikae mpaka mwakani, hadi masikio yangu yapate kifaa cha kusaidia kusikia. Wote tunajua hawataiweka. Usipofika wiki hii ya usajili, anakaa mwingine kwenye kiti chako na habari imeisha.

Mama yako alinitazama nijibu. Sikujibu, kwa sababu ulikuwa umeinama ukiongea na sahani yako, na maneno yako mengi nilikuja kusimuliwa na mama yako baadaye chumbani. Sasa nimeyapata yote. Jibu langu ni kwamba kesho unapanda basi. Kabla hujanuna, nisikilize mpaka mwisho, maana mdomo unaponuna hivyo nakujua, umeurithi kwangu.

Kwanza kabisa nataka kukushukuru, na siwezi kukushukuru vizuri bila kuzirudia zile spika.

Unazijua tangu unatambaa, ila hujui zilivyoingia nyumbani. Babu yako mzaa mama alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la chai huko Igowole, Mufindi. Bosi wake alipohama alimwachia spika mbili za mbao, kila moja na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Babu yako alizifunika kwa vitambaa vya kufuma kama wanavyofunika watu wengine televisheni, na kila Jumapili asubuhi alizifungulia kwaya mpaka majirani wa bonde la pili wakawa hawahitaji kengele ya kanisa. Tulipokwenda kumchukua mama yako, mzee yule aliniambia kwamba binti yake amezoea kuamka Jumapili kwa kwaya, na kwamba hataki kusikia ameamka kwa kuku. Akanipakilia spika zote mbili juu ya lori pamoja na magunia ya viazi. Wenzangu walicheka njia nzima kwamba nimeoa redio.

Tukazipeleka Igawa, kwenye chumba chetu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Wewe ulizaliwa pale, ingawa unakumbuka vumbi tu. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha mashine ile. Msimu wa mavuno haikuzimwa, magari ya mpunga yanapanga foleni hadi barabara kuu, na sisi tunaongea kwa mikono. Nilikuwa naweka pamba masikioni siku za mwanzo, kisha nikaacha, kwa sababu wenzangu walikuwa wanasema naogopa mashine. Tajiri mwenye mashine hakutupa cha kuzuia kelele, na sisi hatukujua kama kuna kitu cha namna hiyo cha kudai. Usiku nikilala mashine ilikuwa inaendelea kunguruma kichwani, nikadhani ndivyo usingizi wa watu wazima ulivyo.

Kesho basi litapita Igawa. Utayaona mabanda yale upande wa barabara, na pumba zimerundikwa nyuma. Nakuomba usiyatazame kwa chuki. Kelele ile ndiyo iliyokununulia sare, ikatujengea nyumba hii ya Uyole, ikakufikisha kidato cha sita. Natamani mtu angeniambia mapema, hilo sitakuficha. Lakini sitaki ubebe hasira ambayo mimi mwenyewe nimeshindwa kuibeba. Nimejaribu, na kila nikianza nakumbuka tulivyokuwa tunacheka pale.

Sasa tuje mwaka jana, ulipomaliza shule ukawa unasubiri matokeo. Ndipo nilipoanza kulalamika kwamba spika zimezeeka. Kanda ile ya kwaya ya Babu, ambayo naijua kuliko jina langu, ilikuwa imepoteza kayamba. Besi ipo, sauti ya tatu ipo, ngoma ipo, ila kayamba halipo kabisa, na wasichana wa sauti ya kwanza wanaimba kama wamefunikwa na godoro. Nikasema hizi mbao zimekufa. Mama yako alisema yeye anasikia vizuri tu. Nikamjibu kwamba yeye haimbi kwaya.

Tulikwenda wote wawili kwa fundi pale Mwanjelwa, na yule bwana, bila hata kuinuka kwenye stuli, akatushauri tuzitupe tununue sabufa mpya yenye taa za rangi. Nilikuwa karibu kukubali. Wewe ukamshukuru kwa adabu, na tulipofika nje ukasema tutazitengeneza wenyewe, kwa vile vilivyopo. Nilikukubalia kwa sababu nilikuwa na shida na wewe, si na spika. Tangu mtihani uishe ulikuwa huongei. Nilidhani mikono ikipata kazi, mdomo utafuata.

Ulivyofungua ile ya kwanza, sponji inayozunguka karatasi ya spika ilisagika vidoleni kama keki iliyokauka. Nikasema hii hapana. Wewe ukatazama video kwenye simu yako asubuhi nzima, kisha ukauliza mwavuli wa mama yako uliovunjika uko wapi. Ukakata kitambaa chake duara, ukakipaka gundi ya mpira, ukakibandika pembeni mwa karatasi taratibu, huku unaibonyeza kwa vidole viwili usikie kama inakwaruza kwenye sumaku. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kutoa maoni.

Maoni yangu unayakumbuka. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu umekaa mpaka saa nne, na gundi haikauki. Ulisema tusubiri. Nikasubiri mpaka ulipokwenda kuchota maji, nikaisogeza spika karibu na jiko la mkaa. Uliporudi karatasi ilikuwa imejikunja upande mmoja kama chapati. Nilijiandaa kusikia neno. Ulilowesha kitambaa, ukaipangusa karatasi, ukailaza chini ya sahani mbili za udongo, ukaniambia sasa jiko nilitumie kuchoma mahindi. Tukachoma. Siku ile ndiyo uliyoanza kuongea, ukaniambia ulivyouogopa mtihani wa fizikia na jinsi ulivyokaa na swali moja mpaka muda ukaisha. Mahindi yale sitayasahau.

Halafu kuna habari ya pumba, ambayo mama yako anaisimulia kwa kila mgeni, kwa hiyo acha nami niisimulie upande wangu. Video ilisema ndani ya boksi pawekwe kitu laini ili sauti isigongane na mbao. Wewe ulitaka sufi ya mto wa zamani. Mimi, mtu niliyekula mpunga miaka yote ile, nikaona sufi ni kupoteza mto. Nikampigia mwenzangu wa Igawa, akatuma kiroba cha pumba kwa gari la mchele. Nikajaza maboksi yote mawili mwenyewe, nikijiona mvumbuzi. Ukweli usemwe, wiki ya kwanza yalitoa besi safi. Wiki ya pili yakaanza kukohoa, kwa sababu vumbi la pumba limeingia kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya sumaku. Ya tatu mama yako akaona panya anatoka nyuma ya spika, amenenepa, hana haraka.

"Baba Atu," akaniambia, "umefungua ghala sebuleni kwangu?"

Tulikaa kibarazani siku nzima tukipuliza pumba kutoka kwenye koili kwa mrija wa soda. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mwanangu, kwa ajili ya kicheko kile ningeweza kujaza pumba tena, kwenye kila kitu chenye mfuniko humu ndani. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo tangu kidato cha nne.

Baada ya sufi kuingia, na mto mmoja kupungua kitandani kwetu, ikabaki sauti nyembamba. Ulinieleza ilivyo: ile spika ndogo ya juu, twita, ndiyo inayotoa kayamba na sauti za wasichana, na kuna kapasita inayoichagulia sauti zake, kapasita ikikauka, twita hainong'oni tena. Ukabadilisha kapasita kwa nyingine ulizofumua kwenye televisheni mbovu ya jirani, baada ya kuzipima. Ukachoma solda vizuri kuliko mimi. Tukafungulia kanda, wewe ukatabasamu, mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema haya ndiyo mambo ya Igowole.

Mimi nikasema bado.

Nilisema bado wiki ile, na iliyofuata. Nilisema kapasita za televisheni hazifai. Nikasema twita yenyewe imekufa. Ulizunguka kwa mafundi wa redio za magari mpaka ukapata twita mbili zinazofanana, ukalipa kwa hela uliyopewa na shangazi yako ya kushona gauni, ukazifunga. Nikasikiliza. Nikasema bado, na safari hii nikaongeza kwamba labda huijui kazi. Hilo la mwisho najua uliingia nalo chumbani.

Jumamosi iliyofuata ukanikalisha kwenye kiti changu, mbele ya spika. Ukamkalisha mama yako kushoto, wewe ukakaa kulia. Ukamwambia mama yako afumbe macho, na kila akisikia kayamba atikise mkono kama analitikisa yeye. Na wewe ukafumba macho. Ukafungulia kanda.

Besi ikaanza, nikaisikia. Ngoma ikaingia. Kisha mkono wa mama yako ukainuka ukaanza kutikisika, na wa kwako ukainuka wakati ule ule, mkatikisa pamoja, mkaacha pamoja penye pumziko, mkaanza tena pamoja. Hamkuwa mnaonana. Nilikaa katikati yenu nikitazama mikono miwili ikipiga kayamba ambalo kwangu halikuwepo. Nilisogea mbele, nikaweka sikio kwenye twita kabisa. Hakuna kitu. Nilipogeuka mlikuwa mmefungua macho, na mama yako analia bila sauti, au labda kwa sauti, sijui.

Ukapiga magoti mbele yangu ili nikuone mdomo, ukasema, "Baba, spika zimepona."

Nilitoka nje. Ulidhani nimekasirika, na mama yako alinieleza baadaye kwamba hukula. Nisingeweza kukasirika. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye migomba nikiyatazama majani yake yanavyopepea, na nikajua kwamba yale nayo yana sauti, na kwamba sikumbuki mara ya mwisho niliisikia lini. Niliogopa sana, Atupele. Niliwaza mahubiri, mikutano ya mtaa, sauti zenu. Nikakumbuka watu niliowaambia wanaongea ndani ya shati, na mjukuu wa jirani niliyemfokea kwamba ananong'ona. Wote walikuwa wanaongea kawaida.

Hofu ilipopungua kidogo, nikafikiri namna ulivyonieleza. Ungeweza kulisema mezani. Ungeweza kunirudishia lile neno la kutoijua kazi, na ungekuwa na haki yote. Badala yake ulifanya kazi yako mpaka ukawa na hakika spika ni nzima, kisha ukaniachia mimi mwenyewe nione. Mimi baba yangu aliniambia makosa yangu mbele za watu, na nami nimewaambia watu yao mbele za watu, nikidhani ndiyo ukweli unavyosemwa. Kumbe mtu anaweza kuambiwa jambo gumu akiwa amekaa kwenye kiti chake, katikati ya wanaompenda. Hilo nimefundishwa na binti yangu nikiwa na mvi.

Hospitalini daktari alituchorea mstari unaoshuka kama barabara ya kutoka Uyole kwenda bondeni, akasema sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi, kelele za mashine ndizo zilizozichukua, ila zilizobaki zitunzwe na kifaa kitasaidia maneno. Wewe hukusubiri kifaa. Ulianza kuongea nami ukiwa unanitazama, kwa sauti ya chini badala ya kupiga kelele. Ukawafundisha wadogo zako kunigusa bega kwanza. Ukakwenda kwa mwalimu wa kwaya, bila kunitangaza, ukamwomba anisogeze pembeni mwa mpiga ngoma. Nilishangaa kwa nini ghafla naingia kwa wakati. Mwalimu mwenyewe alikuja kuniambia, mwezi uliopita, na nilikaa na furaha hiyo bila kukwambia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nimeanzia kwenye spika.

Sasa hili la jana. Mama yako ananiambia ulisema, "Nikiondoka, nani atamsikilizia Baba?" Nimelifikiria swali hilo leo ibadani badala ya mahubiri, Mungu anisamehe. Jibu ni kwamba wapo. Mama yako anasikia kwa ajili ya watu watatu. Wadogo zako wananigusa bega hata nisipoitwa. Kuhusu kifaa, jina langu liko hospitalini, tarehe ya kupimwa nimepewa, na miguu ya kunipeleka ninayo. Kukaa kwako hapa hakutaharakisha siku hiyo. Kutakufanya tu uzeeke unanitazama mdomoni kuona kama nimeelewa, na mimi nitazeeka nikijua kiti chako chuoni kimekaliwa kwa sababu yangu. Masikio nimekwisha kuyatoa. Hilo la pili sitaliweza.

Na usidhani nimebaki mkiwa na mbao mbili zisizoniambia kitu. Asubuhi ya leo kabla ya ibada nilifungulia kanda. Nikavua viatu, nikasikia besi inapanda kwenye miguu kutoka sakafuni, nzuri kuliko ilivyokuwa kwa babu yako, kwa sababu ya mwavuli na sufi na mikono yako. Mtaa mzima ukapata na kayamba. Jirani yetu wa juu alinipungia. Nilikaa pale nikamshukuru Mungu kwa kila sehemu ya wimbo, ikiwemo ile ninayoifahamu kwa kumbukumbu tu. Ndivyo lilivyo jina lako kwetu Wanyakyusa, ametupatia, na leo nimelisema kwa sauti nikiwa peku sebuleni.

Nasikia mlango wa geti, yaani naona mbwa ameinuka, kwa hiyo mmerudi. Nimalizie.

Kesho stendi kutakuwa na kelele za wapiga debe na injini, na mimi sitasikia neno. Unajua nifanyavyo nisiposikia: naitikia ndiyo. Mwezi uliopita niliitikia ndiyo kwa mzee wa kanisa wakati wa mnada baada ya ibada, kumbe ameniuliza kama napandisha bei ya jogoo. Tulimla Jumatatu. Basi likianza kuondoka utafungua dirisha na kusema kitu, nakujua, huwezi kuondoka kimya. Nitaitikia ndiyo, kwa sauti kubwa, mbele ya abiria wote, bila kujua umesema nini. Kwa hiyo chagua vizuri. Usiniulize kama ningependa ubaki, maana hilo nalo jibu lake ni ndiyo, na itakuwa ya kweli.

Niulize, "Baba, niende?"

Baba yako